Ukatili kwa sauti ya upole: dhana potofu kuhusu hadithi fupi za kutisha

Kuna hadithi fupi zisizo na jini wala mzimu ambazo ukizimaliza unabaki umeduwaa. Watu wa kawaida, siku ya kawaida, wanatenda jambo la kinyama kwa sababu ndivyo lilivyotendwa tangu zamani. Inayotajwa zaidi ni "The Lottery" (yaani "Bahati Nasibu") ya Mmarekani Shirley Jackson, iliyotoka katika jarida la The New Yorker tarehe 26 Juni 1948. Kijiji cha watu kama 300 kinakusanyika uwanjani, kila mkuu wa kaya anachukua karatasi sandukuni, na hatimaye mwenye karatasi yenye doa jeusi anapigwa mawe. (Poleni ambao hamjaisoma. Lakini kuujua mwisho hakuiharibu hadithi hii, kama mtakavyoona.) Inafundishwa sana, na kwa kufundishwa sana imejizolea maelezo ya juu juu.

Dhana: nguvu yake yote iko kwenye mwisho wa kushtukiza

Ingekuwa hivyo, ingesomwa mara moja na kuwekwa kando. Rudi mwanzo uone Jackson alivyoanika mambo peupe. Kufikia aya ya pili tu, kijana Bobby Martin ameshajaza mawe mifukoni. Wenzake wanachagua yaliyo laini na ya mviringo, wanayarundika kwenye kona ya uwanja na kuyalinda yasichukuliwe na wavulana wengine. Watu wazima wanasimama mbali na rundo hilo. Wanataniana kwa sauti ya chini, na badala ya kucheka wanatabasamu.

Msomaji wa mara ya kwanza anayapita yote hayo kwa sababu mawe mikononi mwa watoto ni mchezo, na bahati nasibu humfanya mtu afikirie zawadi. Anajidanganya mwenyewe. Mwandishi anayetumia hila humnyima msomaji habari. Jackson amempa habari zote na kumwachia azitafsiri anavyozoea. Ndiyo maana usomaji wa pili ni mchungu kuliko wa kwanza. Sasa unamtazama Bi Delacroix akipiga soga na Tessie Hutchinson, mwanamke atakayeangukiwa na kura, wakicheka pamoja, huku ukijua kwamba kurasa chache mbele atainua jiwe zito kwa mikono miwili na kumwambia jirani yake afanye haraka.

Dhana: ukatili hauumizi mpaka uelezwe kwa damu

Jackson anatuonyesha jiwe moja likimpata Tessie kichwani, kisha umati unamwangukia na hadithi inakatika hapo. Franz Kafka, mwandishi wa Prague aliyeandika kwa Kijerumani, alichukua njia ya hatari zaidi katika "In der Strafkolonie" ("Katika Koloni la Adhabu"), aliyoiandika 1914 na kuichapisha 1919. Humo mna mashine inayoandika hukumu kwa sindano kwenye mwili wa mtu kwa saa 12, kwa hiyo damu ipo. Ila kinachotia kichefuchefu ni afisa anayeisimamia, anavyolalamika kama fundi yeyote asiyepewa vipuri. Akiomba mkanda mpya wa kumfungia mtu kwenye mashine, wakubwa wanataka kwanza waone ule uliokatika kama ushahidi. Mpya unafika baada ya siku 10, tena hafifu. Msomaji anakaribia kumhurumia! Mauaji yameshakuwa kazi yenye bajeti na kero zake. Mwandishi chipukizi anayemwaga damu kuanzia ukurasa wa kwanza humpa msomaji nafasi ya kufumba macho. Kwa lalamiko la mkanda hakuna anayefumba macho.

Dhana: msimulizi asipolaani, mwandishi ameafiki

Hii ndiyo iliyomletea Jackson matusi. Kiangazi kile alipokea barua zaidi ya 300, na kwa hesabu yake mwenyewe 13 tu ndizo zilizomsema vizuri, nyingi zikitoka kwa marafiki. Wapo waliouliza kura hizo hupigwa wapi, na kama wanaweza kwenda kutazama. (Hao, kwa maoni yangu, walijianika kuliko waliotukana.) Kilichowavuruga wasomaji ni sauti: msimulizi wa nafsi ya tatu anayeripoti hali ya hewa, saa na majina ya kaya, bila kumwambia mtu ahuzunike wapi. Anayetafuta hukumu ndani ya maandishi haipati, na kazi ya kuhukumu inabaki mikononi mwake.

Mjapani Akutagawa Ryunosuke alikuwa amekwenda mbali zaidi mwaka 1918 katika "Jigokuhen", hadithi ya picha ya jehanamu. Msimulizi wake ni mtumishi wa bwana mkubwa, na sifa za bwana hazimtoki mdomoni. Uvumi kwamba bwana alimtamani binti wa mchoraji Yoshihide anaukana, kisha anaukana tena, na kadiri anavyokana ndivyo tunavyouamini. Binti anateketezwa ndani ya gari la kukokotwa ili baba yake apate kuichora jehanamu, na mtumishi bado anatafuta maneno ya kumtetea bwana wake. Hakuna mtu mwingine katika hadithi anayemshtaki bwana kwa nguvu kuliko huyo anayemtetea.

Dhana: kila kitu ni ishara, kazi yako ni kuifumbua

Utasikia kwamba sanduku jeusi la kura katika hadithi ya Jackson ni kifo, au ni dhambi. Huenda. Lakini kwanza ni sanduku. Limechubuka ubavuni mpaka mbao inaonekana. Mwaka mmoja lilikaa kwenye banda la Bwana Graves, mwaka mwingine miguuni mwa watu posta, na mara nyingine liliachwa juu ya rafu ya duka la akina Martin. Kifaa cha kuulia watu, kando ya bidhaa za nyumbani! Anayekimbilia ishara haioni rafu hiyo.

Dhana: mwathiriwa ni mtu safi, na adui ni mila isiyobadilika

Tessie anafika amechelewa, akijifuta mikono kwenye aproni, amesahau kabisa siku yenyewe. Mumewe akiitwa, yeye ndiye anayemhimiza aende, na watu wanacheka. Hana neno lolote juu ya kura mpaka iiangukie nyumba yake. Hapo ndipo anapodai mumewe hakupewa muda wa kutosha kuchagua, na anataka binti yake aliyeolewa ahesabiwe nao, ili hatari igawanywe kwa watu wengi zaidi. Mama anamvuta mwanawe kwenye kifo. Kilio chake ni juu ya utaratibu, wala si juu ya mawe, na hakuna chochote katika hadithi kinachoonyesha kwamba asingeokota jiwe kama karatasi ingemwangukia jirani. Mwanawe mdogo Davy, naye, anapewa vijiwe vichache mkononi.

Kuhusu mila, wanakijiji wameshaibadilisha bila kinyongo. Sanduku la asili limepotea, vipande vya mbao vimekuwa karatasi, na maneno yaliyokuwa yakiimbwa hakuna anayeyakumbuka vizuri. Mzee Warner, anayeshiriki kwa mwaka wa 77, anang'ang'ania msemo kuhusu kura ya Juni na mavuno ya mahindi. Kila kipengele kimelegezwa isipokuwa kile kinachoua.

Mmarekani Ursula K. Le Guin aligeuza mambo mwaka 1973 katika "The Ones Who Walk Away from Omelas" ("Wanaoondoka Omelas"). Mji mzima una furaha kwa sababu mtoto mmoja amefungiwa chumba cha chini, na hapo hakuna aliyesahau: watoto wa mji huelezwa habari hiyo wakiwa na umri kati ya miaka 8 na 12. Msimulizi anamwomba msomaji amsaidie kuujenga mji, aongeze anachokipenda, na baada ya msomaji kuchangia ndipo mlango wa kile chumba unapofunguliwa. Wachache wanaoondoka mjini husifiwa madarasani kama mashujaa. Le Guin hakuandika sentensi hata moja ambamo mmoja wao anarudi kumtoa mtoto.