Maji yananuka dizeli? Usichemshe, acha kuyanywa!

Maswali haya nayasikia kituo cha afya huku Pemba kila siku, nayajibu hapa.

Mafuta kwenye maji ndo yapi?
Petroli, dizeli, mafuta ya taa, oili chafu. Yanatoka kwenye pampu inayovuja, oili iliyomwagwa chini, au dumu lililowahi kutiwa mafuta. Sie wa maweni tuko hatarini zaidi, jiwe la matumbawe lina matundu, kinachomwagwa juu kinafika majini upesi.

Yakiwa kidogo ntajuaje?
Chukua chupa safi ya kioo, tia maji nusu, funga, tikisa, iache juani kidogo halafu fungua unuse hapohapo mdomoni mwa chupa, pua inakamata dizeli hata kidogo sana. Ukiona utando wa rangirangi juu ya maji uchokoe kwa kijiti: wa mafuta unarudi kuungana, wa vijidudu vya kutu unavunjika vipande. Na msionje jamani! Mtu keshasikia harufu, anaonja ya nini?

Nisiposikia harufu ni salama?
Si lazima. Petroli ina kemikali ya benzini, inaleta saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani linaruhusu miligramu 0.01 tu kwa lita, pua haiipati hiyo. Kama petroli imemwagika karibu na kisima, maji yapimwe maabara.

Si nachemsha tu?
Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, dizeli si kijidudu.

Nikitia klorini?
Hapana, sababu ni ileile.

Mbona nikichemsha harufu inapungua?
Kwa sababu mvuke umetoka mkauvuta nyie jikoni, na mazito yamebaki sufuriani. KUCHEMSHA HAKUTOI MAFUTA. Juzi kaletwa mtoto anatapika, mamake kabeba na dumu la maji, nikafungua nikanusa, dizeli tupu, mpaka mpira wa kifuniko umevimba, na yeye anasema "lakini nachemsha dokta". Wiki nzima anachemsha!

Dumu nikilisugua kwa sabuni na mchanga?
Plastiki imeshanyonya. Liwe la dizeli maisha.

Tumeshakunywa, tufanyeje?
Acheni leo leo, tafuteni maji mengine, mwambieni sheha na ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar. Mkiwa na kichefuchefu, kuharisha au kichwa kuuma, njooni. Na mtoto akinywa mafuta ya taa yenyewe msimtapishe, msimpe maziwa, mleteni saa hiyohiyo hata kama anacheza, yakiingia mapafuni kuhema kwa shida kunaweza kuanza baadae.