"Sorry": nani kakosa, nani kapatwa?

Mtu akijikwaa mbele yako, Dar es Salaam au Nairobi, "pole" inakutoka kabla hujajua kama ameumia. Wengi wetu tukiwa kwenye Kiingereza tunaitoa hiyohiyo kwa umbo la "sorry". Sasa aliyejikwaa akiwa Mwingereza atageuka, akushangae kidogo, akwambie: "It's not your fault." Huruma yako hakuisikia. Alichosikia ni mtu anayekiri kosa, naye kwa uungwana akakuondolea lawama.

Nafundisha Kiingereza kwa watu wazima, wengi wao wauguzi na wafanyakazi wa hoteli, na pembeni natafsiri. Sioni neno dogo linalonipa shughuli kama hili. Maneno magumu watu huyatafuta kwenye kamusi. "Sorry" kila mmoja anaamini alimalizana nalo shule ya msingi.

Nianze na sarufi, maana mzizi wa fitina uko hapo. "Sorry" ni kivumishi. "I am sorry" imeundwa sawasawa na "I am tired": inaeleza hali ya anayesema, basi. Maneno yetu hayako hivyo. "Samahani" ni ombi lililotoka Kiarabu, "nisamehe", na anayetakiwa kufanya kitu ni yule anayeambiwa. "Kunradhi" nayo ilianza kama kauli ya kumtaka mtu awe radhi. "Pole" inamwendea aliyepatwa. Kwa hiyo Mswahili huwa ameshaamua kabla ya kufungua mdomo: nimekosa mimi, au umefikwa wewe? Mwenye Kiingereza halazimiki kuamua. Anasema tu kwamba yeye moyoni si shwari, na anayesikia anajaza yaliyobaki.

Hata kihistoria neno hili ni la maumivu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sārig", kutokana na "sār", ambayo leo ni "sore": kidonda, mahali panapouma. Wengi hudhani limetokana na "sorrow", yaani huzuni. Mizizi ni miwili tofauti, ila maneno yameishi jirani karne nyingi hadi yakaambukizana sauti na maana. Ndiyo maana "a sorry sight" haihusu msamaha wowote. Ni jambo la kusikitisha kulitazama. "The house was in a sorry state": nyumba ilikuwa hoi. Kivumishi hiki kikitangulia nomino, habari za kuomba radhi zimekwisha. Mwanafunzi aliyechelewa kuleta zoezi akiniandikia "I am a sorry student" amejitukana bila kujua, maana amesema yeye ni mwanafunzi duni wa kuonewa huruma.

Ukitaka kujua "sorry" fulani ni ipi, sikiliza jibu lake. Kwetu mambo yako wazi: "pole" hujibiwa "asante" au "nimeshapoa", na "samahani" hujibiwa "bila samahani". Kiingereza nacho hufanya hivyo, ila chinichini. "I'm sorry to hear that" hujibiwa "thank you", kwa sababu hiyo ni pole. "Sorry I'm late" hujibiwa "that's all right" au "no worries", kwa sababu hiyo ni samahani. Ukimjibu "you're welcome" mtu aliyekukanyaga mguu, atahisi unamkejeli. (Akiwa Mwingereza, huenda mkasema "sorry" wote wawili, mkanyagaji na mkanyagwa. Mmarekani hapo mara nyingi husema "excuse me".)

Penye hatari ya kweli ni vihusishi vinavyofuata. Watu wetu hutafsiri "kwa" kuwa "for" na kuendelea na safari. Mwenzako amefiwa na mama, Kiswahili chako kinasema "pole kwa mama", unamwandikia "I'm sorry for your mother". Sasa "sorry for" ikifuatwa na mtu maana yake ni kumwonea huruma mtu huyo: "I feel sorry for Juma", namhurumia Juma. Umemwandikia mfiwa kwamba unamhurumia mama yake, naye anaweza kujiuliza unamhurumia kwa lipi, labda kwa kuzaa mtoto kama yeye. Andika "I'm so sorry about your mother", au ile kauli iliyozoeleka, "I'm so sorry for your loss". Na usiandike "Sorry" peke yake. Kwa mtu aliyemwaga chai inatosha. Kwa msiba ni nyepesi mno, kama kumrushia mfiwa rambirambi ukiwa dirishani mwa daladala. Kadiri jambo linavyozidi uzito ndivyo sentensi inavyotakiwa kukamilika: "I'm" iwepo, na mara nyingi "so" au "very" pia.

"Sorry for" ikifuatwa na kitendo ni kukiri: "sorry for shouting", nisamehe kwa kukupigia kelele. "Sorry about" ni pana na laini, inafaa kelele, mvua, hata chakula kilichochelewa jikoni, na haisemi aliyekosea ni nani. Mhudumu wa hoteli anaihitaji hii kila siku. "Sorry to" hutangulia usumbufu unaoanza sasa hivi: "sorry to bother you", ile samahani tunayoiweka mbele ya swali.

Matumizi mengine hayana taabu. "Sorry?" kwa sauti inayopanda ni kuomba mtu arudie alichosema, na ni ya adabu kuliko "what?", ambayo ina ukali wa "nini?" yetu. Katikati ya sentensi hurekebisha ulimi: "on Tuesday, sorry, Wednesday". "You'll be sorry" ni kitisho, utajuta. "Better safe than sorry" wazee wetu waliimaliza zamani: tahadhari kabla ya hatari. Mtu akianza na "I'm sorry, but" jiandae, kwa maana pole yote imo kabla ya hiyo "but" na ugomvi unakuja baada yake.

Kuna moja siipendi: "I'm sorry if anyone was offended." Kwa umbo ni kuomba radhi, lakini ile "if" imetilia shaka kama kuna aliyeumia, na kosa halina mwenyewe. Tunayo na sisi. Mshereheshaji akimaliza shughuli husema "kama kuna niliyemkwaza anisamehe", na kwenye harusi haidhuru mtu. Lakini ikisemwa na mtu ambaye sote tulimwona akimkwaza fulani kwa jina, hapo ni ukwepaji katika lugha zote mbili.

Kwa kuwa neno lenyewe haliamui, wanasheria wameingia kuliamua. Uingereza, sheria ya fidia ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kukiri uzembe. Jimbo la Ontario, Kanada, lilipitisha sheria yake ya mwaka 2009, na humo maana ya kuomba radhi imejumuisha mpaka maneno ya huruma tu. Nia yake inaeleweka. Daktari aweze kumwambia mfiwa "I'm so sorry" bila hofu kwamba sentensi hiyo itamrudia mahakamani. Wauguzi ninaowafundisha huniuliza sana hili, na huwaambia sheria za kila nchi wakazisome hukohuko. Mimi naweza kuwaonyesha kwa nini sentensi moja husomwa namna mbili.

Kwenye siasa usomaji huo wa namna mbili ni bidhaa ya thamani. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, akafa, na Wamarekani 24 wakazuiliwa. China ilitaka iombwe radhi, na Marekani haikutaka kukiri kosa. Baada ya siku 11 ikapatikana barua yenye "very sorry" mara mbili: moja kwa kifo cha rubani, nyingine kwa ndege kuingia anga ya China na kutua bila ruhusa ya mdomo. Wachina walifasiri kwa maneno ya lugha yao yaliyo karibu na kuomba radhi. Wamarekani wakasisitiza kwamba walichotoa ni masikitiko. Kila upande uliwapelekea watu wake barua ileile ikiwa na maana yake. Mtafsiri wa Kiswahili asingeweza kuiandika barua ile bila kuharibu mapatano, kwa sababu angelazimika kuchagua kati ya "pole" na "tunaomba radhi".

Sisi wenyewe tumewahi kusimama mahali hapo. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alizungumza bungeni kuhusu mateso ya wakati wa Mau Mau. Alitangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa Wakenya 5,228, na neno alilochagua lilikuwa "sincerely regrets". Hata "sorry" yenyewe hakuigusa, maana "regret" iko mbali zaidi na kosa: unaweza ku-regret mvua iliyoharibu sherehe. Serikali yake ikaendelea kukana kuwajibika kisheria. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles akiwa Nairobi alitaja "the greatest sorrow and the deepest regret". Maneno mazito, na alikiri kwamba ukatili ule hauna udhuru. Lakini ombi la msamaha halimo humo, na waliotaka kulisikia walilalamika.

Kesho yake, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea, kwenye kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji. Yeye alitumia Kijerumani, "um Verzeihung bitten", yaani kuomba msamaha. Kitenzi chenyewe ni kuomba, kwa hiyo kuna anayeomba na kuna anayeombwa. Hapo kichwa cha habari "Rais wa Ujerumani aomba msamaha Songea" ni tafsiri sahihi. Kwa hotuba ya Nairobi, mhariri aliyeandika "Mfalme aomba radhi" alimpa mfalme kauli ambayo mwenyewe alijihadhari nayo. Ningeandika "Mfalme aeleza huzuni na majuto", hata kama dawati la habari lingenung'unika kwamba kichwa kimepoa.