Je, wajua jinsi barua ya karani wa Madras ilivyotambuliwa kuwa kazi ya gwiji wa hisabati?

Mtu mwenye akili ya pekee huwapa tabu wale wanaotakiwa kumpima. Mwanafunzi hodari wa kawaida hupimwa kwa maswali ambayo mwalimu anayajua majibu yake, lakini anayeleta jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria hana mwalimu wa namna hiyo. Basi wanaoipokea kazi yake watajuaje kwamba ni uvumbuzi wa kweli na si porojo? Katika hisabati swali hili lilipata jibu mwaka 1913, na hatua zake zinafahamika vizuri kuliko katika visa vingine vingi vya aina hii.

Tarehe 16 Januari 1913, Srinivasa Ramanujan, karani katika idara ya hesabu ya mamlaka ya bandari ya Madras nchini India, alimwandikia barua G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, Uingereza. Alijieleza kuwa hakupata elimu ya chuo kikuu, akaambatanisha kurasa kadhaa zilizojaa fomula, nyingi zikiwa hazina uthibitisho. Hardy alikaa nazo jioni pamoja na mwenzake J. E. Littlewood. Baadhi zilikuwa zinajulikana tayari Ulaya, ingawa mwandishi hakuonekana kulijua hilo. Nyingine Hardy aliweza kuzithibitisha, kwa jasho jingi kuliko alivyotarajia. Na chache, hasa zile zinazohusu sehemu (namba kama 1/2) ambazo chini yake kuna sehemu nyingine, na kuendelea hivyo bila kikomo, zilimshinda kabisa. Hapo ndipo alipofanya uamuzi ambao naona ni wa busara kubwa. Alieleza baadaye kwamba fomula hizo hazikuwa na budi kuwa za kweli, kwa sababu kama zisingekuwa za kweli hakuna mtu ambaye angekuwa na ubunifu wa kuzitunga, na kwamba wanahisabati wakubwa ni wengi kuliko walaghai wenye ustadi wa kiasi hicho.

Hardy aliweza kusema hivyo kwa sababu alikuwa na vipimo viwili mkononi. Fomula alizozijua zilikuwa sahihi, na zile alizozithibitisha kwa shida zilikuwa sahihi pia. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kuamini zile zilizomshinda. Asiyekuwa na ujuzi wa kutosha asingeweza kuzipanga hivyo, na angeona kurasa za alama tu.

Msomaji anaweza kuonja kidogo aina ya akili hiyo kwa swali ambalo Ramanujan aliwatolea wasomaji wa jarida la Chama cha Wanahisabati wa India mwaka 1911. Tafuta kipeuo cha pili cha 1 ukijumlisha 2 mara kipeuo cha pili cha 1 ukijumlisha 3 mara kipeuo cha pili cha 1 ukijumlisha 4 mara kipeuo kingine, na kuendelea vivyo hivyo milele, kila kipeuo kikiwa ndani ya kilichotangulia, yaani √(1+2√(1+3√(1+4√…))). Hakuna msomaji aliyeleta jibu, naye akalitoa mwenyewe: jibu ni 3. Ukitaka kuona sababu yake, anza na 3 yenyewe. Tatu ni kipeuo cha pili cha 9, na 9 ni 1 ukijumlisha 2 mara 4. Nne nayo ni kipeuo cha pili cha 16, na 16 ni 1 ukijumlisha 3 mara 5. Tano ni kipeuo cha pili cha 25, ambayo ni 1 ukijumlisha 4 mara 6. Kila namba inafungua inayofuata, na mnyororo haukomi. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata kila hatua, lakini kuwaza kwamba 3 inaweza kufunguliwa hivyo ni jambo jingine kabisa.

Mark Kac, mwanahisabati mwenye asili ya Poland aliyefanya kazi Marekani, aliwagawa magwiji katika makundi mawili kwa msingi huu. Wa kwanza ni wale ambao, tukishaelewa walichofanya, tunahisi kwamba nasi tungeweza kukifanya kama tungekuwa bora mara nyingi kuliko tulivyo. Wa pili ni wale ambao hata baada ya kuielewa kazi yao, njia waliyoipitia inabaki gizani. Ramanujan huhesabiwa katika kundi la pili, na yeye mwenyewe alisema kwamba mungu wa kike wa ukoo wake, Namagiri wa Namakkal, ndiye aliyempa fomula.

Naikubali tofauti hiyo, lakini katika suala la Ramanujan ina upungufu mmoja. Karatasi zilikuwa ghali kwa familia yake, kwa hiyo alifanya hesabu kwa chaki kwenye kibao, akazifuta kwa kiwiko, na kuhamishia daftarini matokeo peke yake. Isitoshe, kitabu kilichomlea tangu ujanani, kilichotungwa na G. S. Carr kwa ajili ya watahiniwa wa Uingereza, kilikuwa mkusanyo wa maelfu ya kanuni zilizotolewa bila uthibitisho kamili, naye akaiga mtindo huo. Kwa hiyo sehemu ya giza tunaloliona ilitokana na umaskini na mazoea, nayo imeficha kazi kubwa ya miaka mingi ya kuhesabu. Kuisahau kazi hiyo ni kumpunja, kwani humfanya aonekane kama chombo cha kupokea maono tu.

Shauku yake ya hesabu ndiyo pia iliyomfelisha. Alipoteza ufadhili wa masomo chuoni Kumbakonam na kushindwa mitihani Madras kwa kuyaacha masomo mengine yote. Wala hakuwa mtu asiyekosea: madai yake kuhusu idadi ya namba tasa yalikuwa na makosa, na alipofika Cambridge mwaka 1914 alianza kujifunza kwa Hardy nidhamu ya kuthibitisha. Pamoja walitafuta fomula ya kuhesabu njia za kuigawa namba kuwa jumla ya namba nyingine. Namba 4 ina njia 5: 4, 3+1, 2+2, 2+1+1 na 1+1+1+1. Namba 100 ina njia 190,569,292, na 200 ina 3,972,999,029,388. Mwanahisabati Percy MacMahon aliipata hii ya mwisho kwa hesabu ya mkono, nayo fomula yao ikakubaliana nayo. Mwaka 1918, akiwa na miaka 30, Ramanujan alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi mashuhuri.

Alifariki tarehe 26 Aprili 1920, akiwa na miaka 32, na upimaji wa kazi yake haukuishia hapo. Mwanahisabati Bruce Berndt wa Marekani alitumia miongo kuthibitisha maelfu ya maingizo ya madaftari yake, na yaliyo sahihi yalizidi mno yenye makosa. Mwaka 1976 mwanahisabati George Andrews aliyakuta, katika maktaba ya Trinity College huko Cambridge, makaratasi ya mwaka wake wa mwisho yenye zaidi ya fomula 600. Katika barua yake ya mwisho kwa Hardy, ya Januari 1920, Ramanujan alitoa mifano 17 ya aina mpya ya fomula bila kuifafanua kikamilifu. Wanahisabati walijua kwamba mifano hiyo ilikuwa na jambo la pamoja, lakini ni mwaka 2002 ndipo Sander Zwegers, akiwa Utrecht nchini Uholanzi, alipoonyesha jambo hilo ni lipi.