Je, wajua kwa nini tundu la paa la gari huvuja tena hata baada ya kuzibwa?

Tuseme kuna gari la kuishi ndani, lile lenye kitanda na jiko, limeegeshwa Mikindani, pwani ya Mtwara. Mwenyewe kakichoka kiyoyozi cha paani, kakitoa. Limebaki tundu la mraba, sentimita 36 hivi kila upande. Fundi anakata kipande cha alumini, anakizungushia silikoni, anachukua chake. Mvua za Desemba zinapita salama. Kufika Februari, godoro limelowa.

Lawama huangukia mvua, kumbe jua ndilo lililoanza. Alumini ya urefu wa mita 1, joto likipanda kwa nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 1. Chuma hurefuka nusu ya hapo. Kwa hiyo kiraka cha alumini juu ya paa la chuma huvutana nalo kila mchana, kisha usiku vyote hurudi. Kwa kiraka kidogo tofauti haifiki hata unene wa ukucha, lakini hujirudia kila siku, na gundi nyembamba iliyopakwa pembeni tu huachia. Maji hayahitaji mlango. Ufa mwembamba kama unywele huyanyonya wenyewe.

Silikoni nayo ina kasoro zake. Haishiki vizuri juu ya silikoni ya zamani, kwa hiyo kuongeza tabaka juu ya tabaka ni kupoteza hela. Na ile inayonuka siki hutoa asidi wakati inakauka, asidi inayokula bati lenye zinki. Kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu, hapo umeialika kutu.

Dawa ni kukwangua gundi yote ya zamani hadi paa lionekane, kisha kufuta kwa spiriti. Ndani weka fremu ya mbao ili kiraka kisibonyee. Kikibonyea, maji yatatuama. Kiraka kizidi tundu kwa sentimita 4 au 5 kila upande, na gundi ilazwe chini yake, si pembeni peke yake. Mimi ningechagua utepe wa butili, yaani utepe wa mpira laini unaonata, maana haukauki ukawa mgumu: kiraka kikisogea, nao unasogea. Kaza skrubu pande zote, halafu funika vichwa vyake na kingo kwa gundi ya paa inayonyumbulika. Nyaya za kiyoyozi zikatiwe umeme na ncha zake zifungwe kabla ya kufunika. Hili wengi hulisahau.

Kazi hii ifanyike msimu wa korosho unapoanza, kabla ya mvua za Desemba, paa likiwa kavu.

Kisha jaribu kwa mpira wa maji, ukianzia chini na kupanda taratibu. Usidanganywe na mahali tone linapodondokea: maji hutambaa juu ya dari kabla ya kupata upenyo, na tundu lenyewe laweza kuwa hatua mbili mbele.