Jina la kampuni si kipimo cha nyumba
Marekani, kampuni kama D.R. Horton na Lennar hujenga makumi ya maelfu ya nyumba kila mwaka, na wanunuzi wengi huamini kuwa jina la kampuni, au nyumba ya maonyesho iliyopambwa, linatosha kupima ubora. Sivyo. Wanaojenga hasa ni mafundi wa kandarasi ndogo, na hao hubadilika mtaa hadi mtaa. Nyumba mbili jirani zenye ramani moja zaweza kutofautiana sana. Cheti cha mkaguzi wa manispaa nacho huhusu kiwango cha chini cha sheria tu.

Ukinunua nyumba inayojengwa, mlete mkaguzi wako binafsi kabla kuta za ndani hazijazibwa kwa mbao za jasi, aone mihimili iliyotobolewa vibaya kupitisha mabomba. Mrudishe mwezi wa 11 tangu ukabidhiwe nyumba, kwani dhamana ya ufundi, yaani ahadi ya kampuni kurekebisha kasoro za ujenzi, kwa kawaida ni mwaka 1.