Droni na Ndege za Kuzima Moto: Namna ya Kugawana Anga Moja

Tarehe 9 Januari 2025, moto wa Palisades ulipokuwa ukiteketeza nyumba mjini Los Angeles, droni ya mtu binafsi iligonga bawa la ndege ya kuzima moto aina ya CL-415. Ndege hii huchota maji huku ikiteleza juu ya bahari au ziwa, zaidi ya lita 6,000 kwa sekunde 12 hivi. Marubani walitua salama, lakini bawa lilitoboka na ndege ikakaa chini siku kadhaa huku moto ukiendelea. Mwenye droni alikuwa ameiacha iende zaidi ya kilomita 2 mpaka ikampotea machoni, tena katika anga iliyokwisha kufungwa.

Kisa kama hiki huwafanya wengi wadai droni zipigwe marufuku kabisa penye moto. Sikubaliani nao. Usiku, au moshi unapotanda hadi ndege zenye rubani zikashindwa kuruka, droni yenye kamera ya kunasa joto huonyesha moto umefika wapi na wapi bado kuna makaa yaliyojificha. Droni pia huwasha moto wa makusudi, ule wa kuunguza vichaka kabla moto mkubwa haujavifikia. Huangusha vitufe vya plastiki vyenye pamanganeti ya potasiamu, vilivyodungwa kimiminika kiitwacho glaikoli muda mfupi kabla ya kuachiwa, navyo huwaka vikishafika chini. Kwa helikopta, kazi hiyo humlazimu rubani kuruka chini na polepole juu ya moto, na ni miongoni mwa safari za hatari zaidi katika kazi yetu ya kuzima moto. Kila safari ya namna hiyo inayofanywa na droni ni watu waliobaki salama ardhini.

Basi, swali la kujiuliza ni hili: nani anajua kwamba droni ipo hapo?

Anga ya juu ya moto ina mpangilio wake. Nchini Marekani, ndege inayokuja huita kwa redio ikiwa maili 12 za baharini (kilomita 22 hivi) kutoka kwenye moto, na haivuki maili 7 (kilomita 13 hivi) bila kujibiwa. Juu kabisa, kwenye futi 2,500 hivi kutoka ardhini, huzunguka ndege ya msimamizi wa anga, anayeziongoza nyingine zote kwa redio. Ndege za kumwaga dawa ya kuzuia moto hukaa chini yake, na helikopta kwa kawaida hufanya kazi kwenye futi 500 kushuka chini. Ndege ya dawa ikifika zamu yake hushuka hata futi 150 au 200.

Hapo ndipo penye mtego. Mwenye droni ya burudani amefundishwa kwamba asipovuka futi 400 yuko mbali na njia za ndege. Siku za kawaida ni kweli. Juu ya moto, futi 400 ndipo hasa helikopta na ndege za dawa zinapopita, kasi ikiwa kubwa na moshi ukiziba macho. Rubani hawezi kukiona kidude kidogo hivyo kwa wakati wa kutosha kukikwepa.

Droni ya kikosi cha zimamoto huingia kwa taratibu zilezile za ndege. Mrushaji wake ana jina la kuitwa redioni, husikiliza masafa ya wenzake, na hairushi kabla msimamizi hajampa kimo, eneo na muda. Ndege za dawa zikikaribia, huihamisha au huishusha. Jambo ambalo mimi hulikazia zaidi ni kukatika kwa mawasiliano. Droni nyingi zikipoteza mawimbi hupanda hadi kimo zilichopangiwa na kurudi zenyewe zilikotoka. Ikiwa njia hiyo inakata njia ya ndege ya dawa, lazima ibadilishwe kabla ya kuruka, na msimamizi aambiwe mara tu mawimbi yanapokatika.

Vifaa vinasaidia. Machi 2025, NASA ilifanyia majaribio karibu na Salinas, California, mtambo wa kubebeka unaomwonyesha mrushaji droni yake na ndege zilizo jirani kwenye skrini moja, hata pasipo na mtandao. Lakini ndege iliyojificha nyuma ya kilima, au isiyotangaza mahali ilipo, haitaonekana. Kwa hiyo redio haiwekwi kando.

Kwa mwenye droni ya kawaida, usisubiri tangazo la kufungwa kwa anga. Moto ukiwa mpya, ndege zinaweza kufika kabla ya tangazo. Mwezi Julai 2015, droni zilionekana juu ya moto uliovuka barabara kuu ya I-15 huko Cajon Pass, California, na ndege zikaondolewa kwa dakika 20 hivi huku magari yakiungua. Faini ya Marekani kwa kuingilia kazi hii inaweza kufika dola 75,000, na katika ardhi ya umma kuna kifungo cha hadi miezi 12. Kama tayari umeirusha na ukasikia mngurumo wa ndege, usihangaike kuirudisha hadi ulipo. Ishushe palepale ilipo, kisha uifuate kwa miguu wakati eneo litakapofunguliwa.