Pawa saplai haiimbi

Amplifaya ikivuma, mshukiwa wa kwanza huwa pawa saplai, yaani adapta au sehemu ya ndani inayogeuza umeme wa soketi uifae amplifaya. Wakati mwingine ndiye mkosaji kweli. Lakini wengi hununua kubwa zaidi, wakaifunga, na mvumo ukabaki palepale.

Ipo hofu isiyo na msingi kwamba adapta yenye ampea nyingi itaunguza kifaa. Kifaa kilichoandikwa volti 12, ampea 2, hakisukumiwi ampea 5 eti kwa kuwa adapta inazo. Huchota kinazozihitaji na kuacha zilizobaki. Kinachounguza ni volti zisizolingana, chanya na hasi kugeuzwa, au adapta ya AC (umeme unaogeuka mwelekeo) kuchomekwa panapotakiwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Tatizo la ampea ni zikipungua: besi ikigonga kwa nguvu, adapta ndogo inazidiwa na sauti inakatika. Hapo kubadilisha kuna maana.

Wengine wanaamini volti zikipanda, sauti itapanda vivyo hivyo. Amplifaya nyingi ndogo za klasi D, aina isiyopoteza umeme mwingi kama joto, hukubali volti za viwango tofauti, basi mtu anachomoa chaja ya laptop ya volti 19 na kuweka saplai ya volti 24. Tupige hesabu. Kwenye spika ya omu 8, volti 19 kinadharia hutoa wati 22 na kidogo. Volti 24 hutoa 36. Wati 13 zaidi zinavutia machoni, ila sikioni ni desibeli 2 tu, na ili mtu ahisi sauti imekuwa kubwa maradufu zinatakiwa kama desibeli 10. Tena ukute kapasita za kwenye bodi, vile vifaa vya kuhifadhi chaji, zimeandikwa volti 25, maana yake umeondoa karibu nafasi yote ya usalama. Mimi ningebaki na 19.

Halafu kuna ule ubishi wa transfoma na swichi. Inasemwa saplai ya transfoma nzito ni safi, ya swichi, ile inayokata na kuunganisha umeme kwa kasi sana, ni chafu. Kwenye saplai ya transfoma, umeme wa hezi 50 ukishapita kwenye dayodi, zinazoupitisha upande mmoja tu, huacha mawimbi ya hezi 100, na hayo sikio linayasikia vizuri sana. Saplai ya swichi hufanya kazi kwa makumi ya maelfu ya hezi au zaidi, na nyingi huvuka kabisa hezi 20,000 ambazo ndizo mwisho wa usikivu wetu. Ya ovyo itachafua umeme, sikatai, ila uzito wa chuma si ushahidi wa usafi.

Mawimbi hayo ndiyo yanayowafanya watu waongeze kapasita bila kipimo. Amplifaya inayovuta ampea 2 kupitia kapasita ya mikrofaradi 10,000 hubaki na mawimbi ya karibu volti 2. Ukiweka 20,000 yanashuka hadi 1. Faida ipo, ingawa amplifaya nzuri tayari huyazuia sehemu kubwa. Ila kapasita tupu, unapowasha tu, humeza umeme kama shoti: fyuzi inakatika, dayodi zinateseka. Nashuku sifa nyingi za “maboresho” haya zinatokana na kapasita chakavu kuondolewa, wala si ukubwa wa zilizowekwa.

Waya mnene wa kuunganisha na soketi? Mita moja na nusu haiwezi kusafisha umeme uliokwisha kupita kwenye nyaya zote za ndani ya ukuta.

Tuurudie mvumo. Chomoa nyaya zote zinazoleta muziki, uache spika peke yake. Mvumo ukikoma, saplai ya amplifaya haina kosa. Tafuta waya mbovu, au vifaa viwili vinavyokutana ardhi kwa njia mbili, na ujaribu kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Usikate pini ya ardhi ili kuunyamazisha, kwa sababu siku waya wa moto ukigusa kasha la chuma, mkono wako ndio utakaokuwa ardhi. Mvumo ukibaki, sasa fungua saplai, lakini kwanza chomoa plagi na upime kapasita kwa mita, kwani hukaa na chaji hata umeme ukiwa umeshatoka.